Mchanga Uliotakata

Siku aliyoyaharibu maji ya mji mzima, Pasi alikuwa amevaa ovaroli iliyonyooshwa mikono na miguu, na alifanya kazi yake kwa moyo mweupe. Alipiga magoti katikati ya hodhi lililokaushwa, akashika koleo bapa, akaanza kuukwangua utando uliofunika mchanga. Ulikuwa wa kijani kilichochanganyika na kahawia, mtelezi, na ulinuka bwawa. Kila alipoinua koleo kilitoka kipande kirefu kinachoning'inia, naye alikitupa kwenye ndoo huku amegeuza uso pembeni. Chini yake mchanga ulikuwa mweupe. Aliuona ule weupe akatabasamu peke yake, maana alikuwa ameusubiri kwa miaka kumi na tisa.

Jina la Pasi alipewa na wenzake kazini, likamganda hata lile la wazazi wake likasahaulika. Alinyoosha kila kitu. Walisema hata kamba za viatu huzipiga pasi, na kwamba marehemu mkewe alikuwa akiomba ruhusa kabla ya kukaa kitandani. Yeye hakukasirika; utani wa namna hiyo kwake ulikuwa sifa. Aliishi peke yake katika nyumba ndogo nyuma ya mtambo wa maji, nyumba ambayo sakafu yake ungeweza kuilalia bila mkeka, na mgeni akiuliza ni nani anayetunza maji ya mji huu, watu walijibu kwa fahari kidogo kwamba ni yule Pasi. Jibu hilo lilitosha. Hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili.

Kitu kimoja tu katika maisha yake kilikataa kunyooka, nacho ni ule utando. Fundi mkuu wa zamani aliyemfundisha kazi, mtu mchafumchafu mwenye kucha nyeusi, alimpeleka ukingoni mwa hodhi siku ya kwanza akamwonyesha kile kijani chini ya maji. Akamweleza kwamba mchanga peke yake ni chujio la kijinga: unazuia majani na vyura, basi. Vile vimelea vidogo vinavyokaa matumboni mwa watu na wanyama, vinavyotoka na kinyesi na kuingia mtoni vikiwa vimejifungia ndani ya ganda, vinapita kati ya chembe za mchanga bila kubisha hodi. Hata klorini, kwa kipimo ambacho binadamu anaweza kunywa, haivitoi roho. Kinachovinasa na kuvila ni ule utando, kwa sababu una uhai.

"Huo uchafu ndio mfanyakazi," fundi alisema. "Wewe ni mlinzi wake tu. Usije ukajisahau."

Pasi aliyaandika maneno hayo kwa mwandiko wake uliosimama, na kanuni akazishika zote. Utando ukizidi unene hadi maji yakagoma kupita, unakwangua juu kidogo tu, unene wa kidole, halafu unafungulia maji yapite na kumwagika mtaroni siku kumi na nne, zisipungue kumi, hadi utando uote upya. Ndipo unayaelekeza kwenye tangi la mji. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka bila kukosea hata siku moja. Lakini kuitwa mlinzi wa uchafu kulimkaa rohoni, na siku zote aliamini, bila kumwambia mtu, kwamba fundi mkuu alisema vile kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuoga.

Kisha akaja meneja mpya. Jumatatu moja akatangaza kwamba wageni kutoka makao makuu watafika Ijumaa kuchagua mtambo ulio safi kuliko yote. Alitoka na Pasi hadi ukingoni, akasimama mikono mfukoni, akalitazama hodhi kwa muda mrefu.

"Mtu nadhifu kama wewe," akasema, "inakuwaje unafanya kazi kwenye kidimbwi cha bata?"

Pasi angetukanwa matusi ya nguoni angevumilia zaidi. Alitaka kueleza habari za utando, na hakuna jambo alilolijua vizuri zaidi, lakini ulimi ulikataa kumtetea adui yake. Akasema litashughulikiwa. Meneja hakuuliza litashughulikiwaje, na huo ndio ustadi wa wakubwa.

Basi akakwangua. Hakuishia kwenye unene wa kidole. Alichimba shubiri nzima, akausuuza mchanga kwa klorini ndani ya mapipa hadi ukalia mkononi, akaurudisha na kuusawazisha kwa ubao. Jumatano jioni hodhi lilikuwa limetakata. Hodhi la pili, ambalo hulisha mji siku hizo za kusubiri, lilikuwa limepasuka mwanzoni mwa wiki hiyo na halijazibwa, na katika tangi la mji yalibaki maji ya siku moja tu. Kanuni ilidai siku kumi na nne. Yeye akatoa usiku mmoja. Aliongeza klorini mara mbili, akajiambia kuwa chochote kitakachoponyoka juu kitauawa chini, ingawa maneno ya fundi aliyakumbuka yote. Daftari la mtambo nalo halikumpa shida. Kwa kupenda unadhifu alikuwa na desturi ya kuruka mstari mmoja kati ya siku na siku, kwa hiyo alirudi nyuma wiki mbili na ushei, akapata mstari mtupu, akaandika humo kwamba utando umekwanguliwa leo na maji yatamwagwa mtaroni siku kumi na nne kamili. Mwandiko haukutetemeka.

Ijumaa wageni walisimama ukingoni wakauona mchanga ukimeremeta chini ya maji. Mmoja alipiga picha. Waliletewa maji katika bilauri wakanywa, wakasema hawajaona mtambo kama huu, na meneja akawaeleza habari za nidhamu kazini. Cheti kilitundikwa ofisini mwake. Pasi alipita mbele ya mlango ule mara tatu siku hiyo bila shughuli yoyote ya kumpitisha pale. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ya kweli, na ni haki kusema hivyo, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho.

Mjukuu wake alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, mtoto pekee wa binti yake wa pekee, naye Pasi alimwita mke wangu. Kila Jumapili alikwenda kumposa upya akiwa na biskuti mfukoni, na mtoto alipokea biskuti na kuikataa posa. Binti alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa tatu kutoka mtamboni, bomba liko uani, na mumewe alikuwa dereva wa lori aliyelala nyumbani siku nne katika mwezi. Wiki ya tatu baada ya wageni, Pasi alimkuta mchumba wake hataki biskuti. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, miguu imekonda, na macho yanamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea. Binti, akiona haya kumtajia baba mambo hayo, alisema choo cha mtoto ni cheupe, kina mafuta, kinaelea, na harufu yake inawahamisha majirani.

Pasi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa siku sita yeye mwenyewe alikuwa akicheua hewa ya yai bovu, akiziba mdomo kwa leso katikati ya mazungumzo, na tumbo likinguruma mbele za watu bila adabu. Mtu ambaye hajawahi kunukia kitu zaidi ya sabuni akawa anakaa karibu na dirisha. Alikuwa amekwenda kwenye duka la dawa la mtaa wa mbali asikojulikana, na muuzaji akampa vidonge kabla hajamaliza kujieleza, akisema siku hizi ndio ugonjwa wa mji. Pasi alivipokea akatoka haraka asije akasikia zaidi.

Kwenye zahanati binti alihojiwa mbele ya foleni nzima. Ananawa kwa sabuni akitoka chooni? Kucha za mtoto anazikata? Vyombo anaviosha wapi? Maji anachemsha? Kwa swali hilo la mwisho alijibu kwamba hapana, ni ya bomba, tena anayeyatengeneza ni baba yake mzazi, na akina mama wengine wakacheka kidogo. Maabara ikaona vimelea. Alipewa dawa ya maji ya siku tano, pakiti za chumvi na sukari za kukoroga ili mtoto asikaukiwe, na vidonge vya zinki. Nesi akasisitiza kwamba maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote. Kutoka pale binti hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, mtoto mgongoni, akamkuta amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi.

"Baba, nesi kasema nichemshe maji."

Pasi aliendelea na kola ya shati.

"Niambie wewe," binti akasema. "Ukisema nichemshe, nitachemsha. Tangu nizaliwe nyumbani kwetu hayachemshwi, nikaona nikianza bila kukuuliza ni kama nakutukana."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu lilihitajika, chemsha, wala asingelazimika kutoa sababu. Binti angegeuka akaenda zake, na habari hii isingekuwepo. Lakini Pasi aliliona neno hilo likitoka kwake likifika kwa nesi, kutoka kwa nesi likiingia kwenye foleni, na kutoka kwenye foleni likienda hadi ukutani kwa meneja. Pasi wa maji anamchemshia mjukuu wake maji. Alipitisha pasi kwenye kola ambayo ilikuwa imekwisha kunyooka.

"Maji yangu hayana neno," alisema. "Angalia vyombo unavyomlishia."

Binti aliinamisha kichwa, akasema sawa, ataangalia vyombo. Alipoondoka, Pasi aliinjika sufuria ya maji jikoni mwake, akayaacha yatokote, akayafunika yapoe, akanywa. Alijiambia ni kwa ajili ya tumbo lake tu, hadi amalize vidonge. Vidonge viliisha, na sufuria haikutoka jikoni.

Dawa ya mtoto ilifanya kazi yake. Alikula, akacheza, akaikataa posa kama kawaida. Siku ya kumi akaanza tena, kwa sababu dawa huua kilichomo tumboni, haizuii kinachoingia kwa kikombe asubuhi. Siku kumi na nne za kanuni zilikuwa za mchanga uliokwanguliwa juu tu; huu uliochimbwa na kusuuzwa kwa klorini ulihitaji miezi kuotesha utando. Akatibiwa mara ya pili, akapona, akaugua mara ya tatu. Kilo tisa na nusu zikawa nane, nane zikawa saba na nusu. Mji nao uliharisha, lakini kimyakimya, kila nyumba na lake: huyu alilaumu nyama ya juzi, yule matunda, mwingine meno ya mtoto yanayoota. Wakubwa walisokotwa na tumbo wiki moja, wakameza vidonge, wakasahau. Zahanati ilipoona watoto wanazidi, ilibandika mabango ya kunawa mikono, yenye picha ya mama anayetabasamu.

Mama wa dereva alikuwa mkunga mstaafu. Hakuwa mtu mbaya, na mambo yangekuwa mepesi kama angekuwa mbaya. Alichemsha maji yake kwa mazoea ya miaka arobaini ya kazi, bila kumtilia mtu yeyote shaka, kama wengine wanavyofunga mlango hata mchana. Alipoona mjukuu anabaki mifupa alimchukua akakaa naye wiki mbili, akamrudisha ana mashavu. Haikupita siku ya kumi mtoto akawa amelegea tena mikononi mwa mama yake. Mtu angetaka ushahidi gani zaidi ya huo? Kwenye kadi ya zahanati nesi aliandika kwa wino mwekundu kwamba nyumbani ni pachafu, na binti alilazimika kuitembeza kadi ile kila mahali, maana ndiyo kadi pekee ya mtoto.

Kikao kilifanyika mchana nyumbani kwa mkunga. Dereva alihudhuria kwa simu iliyolazwa juu ya meza, sauti yake ikikatikakatika barabarani. Mkunga alisema hakumwita mtu ili kumtukana. Alisema tu lililoonekana kwa macho: kwake mtoto anapona, kwa mamaye anaugua, na kilo saba na nusu si uzito wa kujaribia mambo. Akaomba mtoto abaki kwake, mama awe anakuja Jumapili, hadi hapo nyumba itakaponyooka. Simu ikasema mama aamue. Ndipo wote wakamgeukia Pasi, kwa kuwa ndiye baba, tena ndiye aliyejua usafi ni kitu gani. Binti naye alimtazama. Hakumwomba kitu.

Pasi aliwaza kwamba mtoto kwa mkunga atapona, hilo ni hakika; kwamba utando utaota, na mambo yatarudi yenyewe bila mtu kuumia; kwamba binti ni mtu mzima na atajikaza. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo alijichukia.

"Mtoto kwanza apate nafuu," alisema.

Watu waliitikia kwa vichwa wakaona ni neno la busara. Binti aliinuka akaenda kuleta nguo za mtoto, akazikunja moja baada ya nyingine mbele yao, kola kwa kola, kama alivyofunzwa nyumbani.

Pasi alivumilia miezi miwili. Alipunguza chakula, akawa anaamka mapema kuliko saa yake, akazoea kutopita mtaa wa tatu. Jumapili alikwenda kwa mkunga, akakaa, akatoa biskuti. Mtoto alikuwa amenenepa na ameanza maneno. Jumapili moja alijikwaa kwenye kizingiti akaanguka, akalia, akanyoosha mikono. Binti alikuwa ameinama tayari kumwokota. Mtoto alimpita ubavuni, akaenda kujitupa kwenye mapaja ya mkunga, akamwita mama. Mkunga alifadhaika, akamgeuza uso akimwambia mama yako yule pale, yule pale. Binti alicheka akasema si kitu, watoto ndivyo walivyo, akaendelea kucheka kupita kiasi, kisha akaomba njia ya uani. Alikawia huko. Pasi aliitazama biskuti mkononi mwake akajua kwamba hawezi tena.

Jumatatu asubuhi alimfungukia meneja kila kitu. Meneja alisikiliza hadi mwisho, akainuka kufunga mlango, akaleta daftari la mtambo, akalifungua pale panapohusika.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Pasi alisema ni wake.

"Sasa nimwamini yupi?" meneja aliuliza bila ukali wowote. "Wewe wa leo, au wewe wa siku ile?"

Akamshauri achukue likizo. Akaongeza kwamba mtu akikaa peke yake muda mrefu akili hutafuta kazi ya kufanya, na kwamba yeye binafsi hatamhesabia neno alilolisikia leo. Pasi alitoka akachota maji ya bomba kwenye chupa iliyochemshwa, akaipeleka mwenyewe hadi kwenye maabara ya mji wa jirani. Alisubiri majibu siku nane. Kwa siku hizo nane, yeye ambaye maisha yake yote hakuomba kingine ila usafi, aliomba maji yake yawe machafu.

Yalirudi safi. Hakuna kimelea hata kimoja, iliandikwa, tena kwa hati ya kupendeza. Alipanda hadi ukingoni akalitazama hodhi ambalo kwa miezi hiyo hakuwa na moyo wa kuligusa. Kijani kilikuwa kimerudi kote, kizito, kimelala juu ya mchanga, kinafanya kazi yake. Kama kuna aliyebaki na kumbukumbu ya kosa lake, si maji. Zahanatini nako watoto walikuwa wamepungua, na nesi aliwashukuru akina mama kwa kuyasoma mabango. Ilisemekana kwamba huwatolea mfano wa mama mmoja wa mtaa wa tatu, ambaye uzembe wake ulimfikisha mahali pa kunyang'anywa mtoto. Hamtaji jina. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Jumapili alikwenda kwa mkunga mikono mitupu. Aliwakuta sebuleni, mkunga akimsuka mtoto, binti ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Pasi hakukaa. Akiwa amesimama alieleza habari za wageni, za utando, za usiku ule mmoja badala ya siku kumi na nne, za mstari katika daftari. Alisema binti alimwuliza na yeye akamdanganya huku akijua. Alisema yeye mwenyewe alikuwa akichemsha.

Mkunga aliweka kitana chini.

"Mkwe," alisema kwa upole, "umefanya ambalo mzazi yeyote angelifanya. Hakuna hapa atakayekudharau kwa hilo."

Pasi alisema hakuwa anamtetea mtu. Mkunga akamwuliza kama maji yamepimwa. Yamepimwa. Na wamesema nini? Wiki iliyopita wamesema ni safi, akajibu, lakini miezi mitatu nyuma hayakuwa hivyo. Mkunga aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyoitikia wanawake wenye uchungu kwa miaka arobaini. Akamtengea kiti. Pasi aliona machoni mwake kwamba heshima yake kwake imepanda, akatamani angetukanwa.

Binti ndiye aliyemsindikiza. Hawakufika langoni, walisimama uani, karibu na bomba, na binti akashusha sauti.

"Usirudie, baba. Nimeshukuru, lakini unajivunjia heshima bure."

"Ni kweli tupu, mwanangu. Ulikuja ukaniuliza, nikakudanganya."

"Nilikuja nikakuuliza, ndiyo. Mtoto yuko mgongoni, ukamwona alivyokuwa." Alimtazama kwa huruma ileile ya mkunga. "Maji yangekuwa na kitu ungeniambia palepale. Wewe si mtu wa kumwona mwanangu anakwisha ukanyamaza."

Pasi alitafuta la kusema ambalo lingekuwa na nguvu kuliko imani hiyo, hakulipata, wala halikuwepo. Binti alimgusa kiwiko kumtuliza. Akasema yeye amekwisha kukubali, kila mtu ana alichonyimwa, na yeye alinyimwa mkono wa usafi ingawa kila mtu anajua alilelewa na nani. Mama mkwe amemwahidi kwamba mwisho wa mwezi atampa mtoto kwa siku tatu za majaribio. Alikunja mikono ya gauni lake. Vidole vilikuwa vimechubuka, ngozi imepasuka katikati ya kila kidole na kidole, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Alisema ananawia dawa ya kusafishia sakafu, asubuhi, mchana na jioni, na bado hajui anapokosea ni wapi.

"Nionyeshe unavyonawa wewe," alisema. "Polepole, nisiruke kitu."

Ndani mtoto aliita mama, na aliyeitika ni mkunga. Binti hakugeuka. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele ya baba yake, viganja juu, akisubiri. Pasi alifungulia bomba, akachukua sabuni, akaishika ile mikono, na binti akauma meno povu lilipoingia kwenye mipasuko.

"Anza na viganja," Pasi alisema.